Mpe Babu Upinde Mkononi: Namna ya Kuhifadhi na Kurithisha Kumbukumbu za Uwindaji Katika Familia

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwindaji. Alifariki nikiwa kidato cha pili, na kilichobaki katika miaka yake yote ya porini ni mambo manne ambayo ndugu huyarudia kila tunapokutana msibani: kwamba aliwahi kumwangusha pofu, yule swala mkubwa, peke yake, kwamba hakula nyama ya nungunungu maisha yake yote, kwamba aliweza kukaa porini siku tisa, na kwamba alikuwa na mbwa ambaye jina lake tulilibishania miaka mingi. Alijuaje maji yalipo? Upinde wake aliuchonga kwa mti gani? Nyama ikishaanguka, nani alikuwa wa kwanza kukata? Hayo yote tuliyazika pamoja naye, na hakuna aliyeshtuka wakati ule.

Miaka mingi baadaye nilimwendea mjomba, mtoto wake, nikiwa na nia ya kutorudia kosa. Nikakosea kwa namna nyingine. Nilimketisha kwenye kiti cha plastiki uwani, nikaweka simu mezani, nikasema, "Shikamoo mjomba. Naomba utueleze uwindaji wa zamani." Alizungumza dakika sita kwa Kiswahili cha mkutano wa kijiji, akashukuru, akanyamaza. Wiki mbili baada ya hapo nilimkuta akichonga mpini wa jembe. Nikachomoa upinde mkuukuu uliokuwa umechomekwa kwenye boriti za tembe, nikamkabidhi bila swali lolote. Aliukunja kidogo, akaunusa, akaniambia kwa Kigogo kwamba ule haukuwa upinde wa babu. Wa babu ulikuwa mzito zaidi huku juu. Kuanzia hapo alisema mpaka kuku wakaingia bandani.

Tangu siku ile nashika jambo moja: kazi ya porini iko mkononi na mguuni kabla haijawa mdomoni. Hatua zote ninazoeleza hapa zinatokana na hilo. Nawaandikia hasa watu wa kwetu, Dodoma na Singida. Sisi Wagogo ni watu wa ng'ombe, uwele na mtama. Kwa koo nyingi uwindaji ulikuwa kazi ya kiangazi na kimbilio la mwaka wa njaa. Kwa Wasandawe wa upande wa Chemba ulikuwa mzito zaidi, na kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi ndio maisha yenyewe. Kila mmoja apime na kwao.

Hatua ya kwanza: jua nani anajua

Chukua daftari, andika majina ya wazee wote wa ukoo walio hai, wa kuumeni na wa kikeni. Mbele ya kila jina andika alikuwa nani katika kazi ile. Wengi huandika waliorusha mishale tu, na hapo wanapoteza nusu ya habari. Kulikuwa na kijana aliyebeba kibuyu cha maji na kulala karibu na moto. Huyo aliona kila kitu kwa sababu kazi yake ilikuwa kuangalia. Kulikuwa na mhunzi aliyefua vichwa vya mishale. Kulikuwa na mrina asali aliyefuatana na kundi. Na kulikuwa na akina mama.

Nisisitize kuhusu akina mama. Bibi yangu hakuwahi kufuata mnyama hata siku moja, lakini ndiye aliyenieleza jinsi nyama ilivyochanwa mikanda myembamba na kuanikwa ikauka kwa siku ngapi kulingana na upepo, ipi ilianza kuliwa na ipi ilitunzwa mpaka mvua, na mambo ambayo nyumba haikuruhusiwa kufanya mume akiwa porini. Alijua hata nani alirudi mikono mitupu mara nyingi, jambo ambalo wanaume hawakumbuki vizuri.

Ukishamaliza orodha, anza na mgonjwa, hata kama si mkubwa kuliko wote. Baada yake mwenye umri mkubwa. Yule mzee mchangamfu anayependa kuongea mwache mwisho; ataongea tu.

Halafu fikiri ni nani atakayeuliza. Kwetu mtoto wa kumzaa ana mipaka mbele ya baba yake. Kuna maswali ya heshima hayamtoki, na kuna majibu baba hawezi kumpa. Lakini babu na mjukuu ni watani. Mjukuu wa miaka kumi na miwili anaweza kumwambia babu, "Wewe ulikuwa mwoga, uliwahi kumkimbia nguruwe," na babu akasimulia kisa kizima ili ajitetee. Nimeona binti wa dada yangu akipata kwa nusu saa kitu ambacho mimi nilikitafuta miezi mitatu. Mtumeni mjukuu, mtu mzima akae pembeni ashike simu.

Hatua ya pili: ondoa hofu kabla ya kuwasha simu

Mzee wa miaka 80 leo alikuwa mtu mzima mwenye watoto mwaka 1989, Operesheni Uhai dhidi ya ujangili ilipopita nchini. Anakumbuka. Ukimjia na simu unauliza habari za mishale na nyama, hata kama wewe ni mjukuu wake, moyoni anajiuliza umetumwa na nani. Usimlaumu.

Sema mapema, na useme ukweli. Uwindaji bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuingia na silaha katika hifadhi bila kibali ni kosa pia. Mapori ya Rungwa, Kizigo na Muhesi huko Manyoni, na Swagaswaga na Mkungunero upande wa Kondoa, ni mapori ya akiba. Mwambie mzee kwamba hutafuti ya jana na juzi, unatafuta ya enzi zake za ujana. Kwamba rekodi ni ya familia na haiendi mtandaoni. Kwamba akisema "zima" utazima, na akisema "futa hapo" utafuta mbele ya macho yake. Kisha timiza. Mjomba aliniambia nifute mara moja, nikafuta huku anaona, na kuanzia siku hiyo hakuficha kitu.

Kuna mambo mawili mimi sirekodi kabisa hata nikiruhusiwa. La kwanza ni namna ya kutengeneza sumu ya mishale: miti gani, inachemshwa vipi, inachanganywa na nini. Inatosha kuandika kwamba ukoo ulikuwa na fundi wa sumu, alikuwa nani, alifundishwa na nani, na miiko iliyomzunguka. Sumu ile inaua mtu, na simu hupotea. La pili ni mambo ya jando. Sehemu ya mafunzo ya uwindaji kwa wavulana ilitolewa kule, na yaliyosemwa kule yana wenyewe. Mzee akikuambia "hilo ni la jandoni", andika kwamba lipo, uache hapo.

Hatua ya tatu: vifaa

Simu ya kawaida inatosha. Zima laini isiite katikati ya maneno, hakikisha chaji imejaa, futa video za zamani upate nafasi. Adui mkubwa kwetu ni upepo. Kati ya Juni na Agosti upepo wa Dodoma unaweza kufunika sauti yote usisikie hata neno moja utakapokuja kusikiliza nyumbani. Funika tundu la maikrofoni kwa kitambaa chepesi au soksi safi, na mkae upande wa ukuta usiopigwa na upepo. Kabla ya kuanza, sema mwenyewe kwa sauti: tarehe, kijiji, nani anazungumza, nani wapo. Faili likihama simu, jina linaweza kubadilika, lakini sauti hiyo itabaki ndani yake.

Na lugha ni ile ya porini. Kama aliwinda kwa Kigogo, azungumze Kigogo. Kama ni Kisandawe chenye vidoko vyake, basi Kisandawe, hata kama wajukuu wa mjini hawakielewi. Tafsiri itafanywa baadaye na mtu aliye hai. Ukirekodi Kiswahili peke yake, hakuna atakayeweza kuirudisha lugha ile ndani yake. Kiswahili kina neno "unyayo". Muulize mzee ana maneno mangapi ya unyayo wa asubuhi, wa jana, wa mnyama anayekimbia, wa mnyama aliyejeruhiwa.

Hatua ya nne: uliza kazi, acha ushujaa

Hapa ndipo pa kukaa sana.

Swali baya kuliko yote ni "Uliua wanyama wangapi?" Linamfanya mzee ajisifu au aogope, na jibu lake ni namba tu. Ukiuliza "Hebu nieleze siku moja, tangu mlipoamka," unafungua mlango. Kisha mfuate hatua kwa hatua kama mtoto anayefuatana naye. Mliondoka saa ngapi, kabla ya jogoo au baada? Mlikula nini asubuhi? Nani alitangulia njiani, na kwa nini yeye? Mlizungumza au mlitumia ishara? Mikono ilifanya nini? Mwambie akuonyeshe ishara hizo, na hapo badili rekodi iwe video.

Uliza maji. Katika nchi yetu inayopata mvua kwa msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, mwindaji wa mwezi wa Septemba aliishi au kufa kwa kujua maji. Kuna wazee wanaokumbuka mibuyu yenye shimo linalotunza maji ya mvua, walivyochimba mchanga wa korongo kavu, na mizizi waliyotafuna. Maarifa hayo hayahusu nyama hata kidogo, lakini huenda ndiyo yenye thamani kuliko yote mtakayoyapata.

Uliza upepo: mlijuaje unatoka wapi? Wengi watakuambia habari za kifuko cha majivu, au vumbi la kumwaga taratibu ulione linakoelekea. Uliza asali: je, mlimfuata yule ndege anayeita watu kwenye mzinga? Mlimwitikia vipi? Kama kulikuwa na mluzi wa kumwita, rekodi mluzi wenyewe. Hakuna maandishi yanayoweza kubeba mluzi.

Uliza mgao. Mimi nachukulia hili kuwa ndio moyo wa jambo zima. Mshale wa kwanza ni wa nani, na wa pili? Aliyepata mnyama anakula kiungo kipi? Kipi kilipelekwa kwa mama mkwe, kipi kwa mzee wa ukoo, kipi kwa mjane wa jirani? Mbwa alipewa nini? Ukichora umbo la mnyama kwenye karatasi na kumwomba mzee aguse kila kiungo akisema kilikuwa cha nani, utakuwa umepata katiba ya ukoo wako kwenye ukurasa mmoja. Kwetu ilichukua jioni nzima kwa sababu mjomba na mdogo wake walitofautiana kuhusu shingo. Niliandika kauli zote mbili. Fanya hivyo pia, usiwalazimishe wakubaliane.

Uliza miiko na sababu zake, kisha uliza kama kuna aliyewahi kuivunja. Kwa nini babu yangu hakula nungunungu? Nilidhani ni kuchukia tu. Kumbe ulikuwa mwiko wa ukoo mzima, na mama yangu alikuwa ameufuata miaka yote bila kutuambia, kwa sababu mjini nungunungu halijawahi kuletwa mezani.

Na uliza kushindwa. Safari ambayo hamkupata kitu. Siku mliyopotea. Mtu ambaye hakurudi. Wazee wakizoea kwamba hutafuti mashujaa, wanasimulia haya kwa sauti ya chini, na ndani yake mnajifunza kuliko ndani ya visa vya simba. Usikatize. Akinyamaza, na wewe nyamaza. Mwache anywe maji. Mara nyingi neno zito huja baada ya kimya hicho.

Mwisho, uliza nyimbo. Wagogo ni watu wa zeze na marimba. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizipeleka sauti hizo mpaka ng'ambo. Lakini katika familia nyingi kuna nyimbo fupi za kuondoka, za kurudi, za kumtania aliyekosa shabaha, ambazo hazijawahi kutoka nje ya boma. Mzee akisema amesahau, mwanzishie mdundo kwa makofi.

Hatua ya tano: tembeeni

Akiweza kutembea, nendeni porini. Si ndani ya pori la akiba. Nendeni kwenye vichaka vya kijiji, mlimani, kando ya korongo alikopita utotoni. Bila mbwa, bila mshale. Nendeni asubuhi na mapema, kwa sababu jua likiwa chini kila unyayo una kivuli chake na unaonekana. Saa sita mchana ardhi yote huwa sawa.

Utashangaa miguu inavyokumbuka. Mjomba alisimama penye jiwe lisilo na cho chote cha ajabu akasema, "Hapa tulikuwa tunaacha chumvi." Uwani asingelikumbuka jiwe lile hata ungemuuliza mwaka mzima. Kila anaposimama, piga picha ya mahali, ya mti, na ya mzee akiwa ameuelekeza kidole. Andika jina la mti kwa lugha yake. Upinde wa babu, nilikuja kujua siku hiyo, ulichongwa kwa mkole, ule mti ambao sisi watoto tulikuwa tunajua matunda yake tu.

Kama hawezi kutembea, mleteeni pori nyumbani: tawi, jiwe, kinyesi kikavu cha digidigi, picha ya unyayo. Kuna mzee wa jirani yetu aliyepofuka. Alitambua miti kwa kuvunja vijiti na kuvinusa.

Hatua ya sita: weka miaka mahali pake

Wazee wengi hawahesabu kwa tarehe, na si lazima. Tumia vigingi ambavyo kila mtu anavijua. Kwa yale waliyosimuliwa na wazazi wao: kabla au baada ya reli kufika Dodoma mwaka 1910? Kabla au baada ya Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo ya 1917 hadi 1920? Kama ukoo wenu una visa vya misafara ya pembe na hongo, yaani ushuru wa kupita, iliyotozwa na watemi, hiyo ni ya nyuma zaidi, karne ya 19. Kwa waliozaliwa baadaye: mradi wa karanga wa Kongwa wa 1947 hadi 1951, matrekta yalipofyeka pori, Uhuru 1961, Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, watu walipokusanywa vijijini, uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, Vita vya Kagera 1978 na 1979, mvua za El Nino za 1997 na 1998.

Kigingi cha vijiji kina maana ya pekee. Katika familia yetu uwindaji haukuisha kwa sababu ya sheria peke yake. Boma lilipohama kutoka ukingoni mwa pori kwenda kwenye mstari wa nyumba za kijiji, wavulana walianza shule, pori likawa mbali, na mbwa wa kuwindia walipokufa hakuna aliyefundisha wengine. Muulize mzee wako: ni lini ulijua kwamba imekwisha? Mjomba alitaja mwaka, mwezi, na mbwa.

Hatua ya saba: vitu vilivyobaki nyumbani

Kabla hujashika kitu, elewa hili. Pembe, ngozi, meno, kucha, mkia, hata manyoya na mifupa ya mnyamapori ni nyara za serikali. Kukaa nazo bila hati ya umiliki ni kosa, na kusema "nilirithi kwa babu" hakukuondolei kosa hilo. Mkikuta ngozi au pembe darini, msiiuze, msiihamishie mjini kama kumbukumbu, msiiweke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mpitie mwenyekiti wa kijiji, mkaulize kwa afisa wanyamapori wa wilaya mapema, ninyi wenyewe, kabla ya mtu mwingine kwenda kwa niaba yenu.

Vinavyobaki bila shida ni vingi: upinde, rungu, podo lisilo na sehemu ya mnyamapori, vichwa vya chuma, vibuyu, kisu, mzinga, jiwe la kunolea. Mishale ya zamani ishikeni kwa tahadhari. Utomvu mweusi uliokauka kwenye shingo ya mshale unaweza kuwa sumu, na sumu hiyo hudumu miaka. Funga kichwa kwa kitambaa kinene, weka ndani ya bomba lililozibwa pande zote, mbali na watoto, na usiukwangue kwa ajili ya usafi.

Upinde ulegezwe kamba. Ukikaa umevutwa miaka, mti unachoka. Msiuegemeze ukutani chini, mchwa wataumaliza. Wazee waliuchomeka juu ya boriti, moshi wa jiko ukapita, na moshi huo ndio uliofukuza wadudu. Nyumba ya bati isiyo na moshi haina ulinzi huo, basi uning'inizeni kwa kamba, mbali na ukuta, muufute kwa mafuta kidogo kila mwaka. Kila kitu kipigwe picha kando ya rula, na kiwe na kikaratasi: jina kwa lugha ya nyumbani, nani alikitengeneza, nani alikitumia, nani amesema hivyo na lini.

Hatua ya nane: watoto wapewe kazi

Rekodi ikikaa kwenye simu haijarithishwa bado. Mtoto harithi kwa kusikiliza sauti ya saa tatu. Apewe kitu cha kufanya.

Mchezo ambao umefaa kwetu kuliko yote hauhitaji pori. Jioni watoto wanafagia uwanja na kumwaga mchanga laini. Asubuhi, kabla mtu hajapita, wanasoma: nani alipita usiku? Mbuzi, paka, kuku, shangazi aliyetoka kwenda chooni. Mzee anakaa pembeni anauliza: alikuwa anaenda au anarudi? Alikuwa na haraka? Baada ya wiki mbili watoto wa Dodoma mjini, waliozaliwa kwenye lami, walikuwa wanabishana kuhusu vidole. Baadaye wakajifunza kwamba fisi huacha alama za kucha kama mbwa, na chui huzificha. Kwamba digidigi hurudi kutupa kinyesi mahali pale pale. Pamoja na hayo, mpeni kila mtoto mti mmoja wa kujua kikamilifu: jina, gome, tunda, kazi yake.

Upinde unaweza kuchongwa mwingine, mzee akifundisha. Mishale iwe butu, manyoya yawe ya kuku, na shabaha iwe gunia lililojazwa majani. Kanuni moja tu: hakuna kulenga kitu chenye uhai, hata mjusi. Niliogopa kwamba watoto wangeona bila mnyama hakuna maana. Haikuwa hivyo. Walichotaka ni kushika kile ambacho mzee alishika, na kusikia akisema "bado, tulia, pumua kwanza."

Mgao urithisheni mezani. Mbuzi akichinjwa sikukuu, gaweni viungo kwa utaratibu wa ukoo, na mtoto mmoja atangaze kila kiungo ni cha nani na kwa nini. Sisi hufanya hivi Julai baada ya mavuno, maana ndugu wa mjini hupata nafasi na chakula kipo.

Na mkipata nauli, wapelekeni Kolo, kaskazini kidogo mwa mji wa Kondoa kwenye barabara kuu ya kwenda Babati. Mtaanzia ofisi ya mambo ya kale, mpewe mtu wa kuwaongoza mpaka kwenye miamba. Michoro ile iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mapango yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Kuna twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu. Ongozana na mzee wako kama afya inaruhusu, na umwache aangalie kwanza kabla kiongozi hajaeleza. Mjomba aliangalia muda mrefu, kisha akawaonyesha wajukuu mnyama mmoja akasema, "Huyu aliyemchora aliwahi kumfuata. Tazama shingo." Waelezeni watoto wasiguse na wasimwagie maji michoro ili ing'ae; maji yanaifuta.

Hatua ya tisa: nakala

Siku ile ile ya kurekodi, hamisha faili. Moja ibaki kwenye simu au kompyuta yako, moja kwenye flashi kwa ndugu anayeishi mji mwingine, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye nenosiri ambalo watu wawili wanalijua. Video ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupungua ubora, basi itume kama nyaraka. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha msimuliaji, kisha mada: maji, mgao, miiko, nyimbo.

Kisha keti na anayejua lugha vizuri, muandike angalau dakika kumi muhimu za kila rekodi, Kigogo upande mmoja wa ukurasa na Kiswahili upande wa pili. Pelekeni steshenari, mtoe nakala chache zilizofungwa kwa waya. Ya kwanza apewe mzee mwenyewe, asomewe kwa sauti mbele ya familia, na kalamu iwe karibu, kwa sababu atasahihisha. Mjomba alisahihisha mahali kumi na saba, na jina la mbwa likiwamo.

Acheni kurasa nyeupe mwishoni mwa kila kitabu.